Kitanda Kilichokuhamishia Kibondo

Kwako Baba, Mwalimu wangu,

Kipindi cha usajili kimefika na mimi nimechefukwa. Nakuandikia nikiwa kwenye cherehani, sketi tatu za sare ziko mbele yangu hazijaguswa tangu asubuhi, maana pale nje, kwenye benchi la kibaraza changu, wamekaa walewale. Unawajua. Wamekunja nne, simu mkononi, na kila mmoja ana chanzo cha kuaminika. Juzi asubuhi kipa wetu alikuwa ameuzwa Mwanza, mchana akawa amerudi. Jioni wakamfukuza kocha mpya, na maskini yule kocha akapita hapohapo na mkungu wa ndizi kwenye baiskeli. Wakamsalimia kwa heshima zote, wakamuuliza na watoto, halafu alipokata kona wakaendelea kumtafutia mrithi.

Ukiwaambia hamna hakika, wanakujibu: lisemwalo lipo, kama halipo linakuja. Naichukia methali hiyo, Baba. Naichukia kwa sababu najua mtu mmoja aliyeileta mpaka nyumbani kwetu.

Ilikuwa Jumamosi, wiki moja kabla timu uliyoifundisha haijacheza fainali ya mkoa dhidi ya Kibondo. Nilikuwa kidato cha pili. Tendegu la kitanda chako lilikuwa limevunjika, ukaegemeza tofali na kulala hivyohivyo siku tatu, mpaka Salvatori, msaidizi wako niliyemwita baba mdogo, akachoka kukusikia ukilalamikia mgongo mazoezini. Akaja na baiskeli yake akipeleke kwa fundi. Wewe ukasimama pembeni unamwelekeza kamba ipite wapi, kama ulivyokuwa unamwelekeza beki wa kulia.

"Mwalimu," akasema, "kamba haifundishwi. Inafungwa."

Ulicheka mpaka ukakaa kizingitini. Sikukuona ukicheka vile tena.

Unaujua mji huu wetu wa Kasulu. Umejaa watumishi waliotoka mbali, mwalimu wa Singida kama wewe, daktari wa Mara, karani wa Lindi. Wanaingia na godoro, wanatoka wakiuza kabati. Kitanda cha mtumishi kikionekana barabarani, watu wanajua barua ya uhamisho imefika. Benchi likakiona kitanda chako. Hawakuliona tendegu lililoning'inia, waliona uhamisho tu, na wiki ile uhamisho ungeweza kuwa wa kwenda wapi kama si Kibondo?

Ukanituma sukari. Wakaniita.

"Eti mtoto, Mwalimu anatukimbia? Tupe ya ndani."

Baba, watu wazima walinipisha nikae. Mmoja alifuta benchi kwa kofia yake. Hakuna aliyewahi kunisikiliza namna ile, hata wewe, maana nyumbani ulikuwa na madaftari ya kusahihisha na vikosi vya kupanga. Nikasema, "Nimeambiwa nisiseme." Nikaletewa soda. Wakauliza ni nani anayekupeleka. Nikanywa kidogo, nikatafuta jina, na lililokuwa karibu ni la yule aliyetoka kupita na kitanda.

"Baba mdogo Salvatori ndiye anaongea nao."

Ndiyo hivyo. Ni mimi. Hukuwahi kuambiwa, na sasa uko pale makaburini ambako siwezi kukuona uso.

Kabla kitanda hakijafika kwa fundi, habari ilikuwa kwenye kila simu. Na jinsi ilivyonoga! Ghafla wote wakakumbuka kwamba wazazi wa Salvatori walivuka mpaka kutoka Burundi. Mtu aliyekuwa nahodha wao kabla wewe hujafika, mwenye cheti cha uraia alichokiweka mfuko mmoja na cheti cha ndoa, akawa mkimbizi tena ndani ya saa moja. "Kila wiki yuko Manyovu mpakani anauza maharage," wakasema, "atashindwa kuuza kocha?" Viongozi wakakuomba upumzike, yeye wakamfukuza. Fainali tukacheza bila benchi la ufundi. Kibondo wakatupiga nne. Wakati mashabiki wanatoka uwanjani walikuwa tayari wanaambizana kwamba mbinu zetu uliwapelekea wewe.

Kitanda kilirudi na fundi mwenyewe. Tendegu jipya lilikuwa la mti mwingine, jeupe, na halikuwahi kufanana na wenzake. Salvatori hakuja tena. Nilipokuuliza yuko wapi ulisema, "Watu wanabadilika, mwanangu," nikainamia sahani yangu ya ugali, nikamaliza mpaka mboga.

Msibani kwako walikuja wote wa benchi. Chini ya turubai walianza na pole, hazikupita dakika kumi wakaingia kwenye mshambuliaji wa kigeni. Nilikuwa nawagawia chai. Mmoja wao, machozi yakimtoka, akanishika mkono akasema, "Mwalimu aliuzwa na yule Mrundi." Nikamwongezea sukari. Benchi linanitia kinyaa, Baba, lakini mkono wangu ulioshika kile kijiko unanitia kinyaa zaidi.

Wiki iliyopita nikapanda gari kwenda Buhigwe, anakoishi Salvatori siku hizi. Nilimkuta uani anachambua maharage, kichwa kimeota mvi.

"Mwakeye, baba mdogo," nikamwamkia kwa Kiha.

Akaniitikia kwa makofi, akauliza mama, akauliza cherehani, akauliza mvua za kwetu. Nikamwambia yote, soda na kila kitu. Hakuacha kuchambua.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Habari ilinipita njiani, mimi na kitanda. Tena ilikuwa na jina langu. Nyumbani kwenu alikuwepo nani mwingine?"

"Mbona hukumwambia baba?"

"Nimwambie mtoto wake ni mwongo? Hapana, mwanangu, mwana wanje. Aliniuliza kama ni mimi. Nikamwambia si mimi. Hakuniamini." Akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye ungo. "Hilo si lako. Hilo ni lake."

Baba, nisamehe, nilikukasirikia palepale. Mimi nilikuwa mtoto mwenye soda. Wewe ulikuwa umesimama na mtu yule kwenye mvua misimu tisa, mnakula kwenye bakuli moja, na aliposema neno moja la kweli ukaenda kuamini benchi. Ukakaa na hasira yako mpaka ukafa nayo. Hilo nalo limenichefua, na sikutegemea kukuandikia hivyo.

Nilipoaga, akanisindikiza hadi barabarani, ndipo akauliza kwa sauti ya mtu anayemuulizia mgonjwa:

"Kile kitanda, kilipona?"

Hakuwahi kukiona kimetengenezwa.

Basi leo asubuhi nimeacha sketi, nimetoka nje, nimesimama mbele ya benchi na kuwaambia ukweli. Kwamba hukuwahi kuongea na Kibondo. Kwamba Salvatori hakukuuza. Kwamba nilitunga mimi, nao wakanywa bila kuchuja. Wakaweka simu chini. Nikadhani ni aibu, nikaanza hata kuwahurumia. Kisha yule wa machozi ya msibani akakuna kidevu.

"Kwa hiyo Salvatori ni msafi?"

"Ndiyo."

"Na wewe umetoka Buhigwe kuonana naye?"

"Ndiyo."

Wakatazamana. Kabla sijakaa kwenye kiti changu, simu zilikuwa zinalia kotekote: Salvatori anarudi kuchukua timu, dili limekamilika, kocha wa sasa afungashe. Mchana mwenyewe akanipigia. "Mwana wanje," akasema, "nasikia nimeajiriwa." Akacheka peke yake, mimi sikuweza.

Hawataona aibu, Baba. Nimeacha kuwasubiri. Ila kesho asubuhi, jua likiwa limeshatoka na benchi limejaa, kitanda chako kinatoka nyumbani kwa mara ya pili. Nitakifunga mwenyewe kwenye baiskeli, nikisukume mbele yao mpaka stendi, kisha kipande lori kwenda Buhigwe. Waseme nimehama, waseme nimesajiliwa. Salvatori atakipokea, atalishika lile tendegu jeupe, ataona kwamba kilipona.

Lala salama. Ukikutana na mtu huko akakwambia si mimi, mwamini.

Binti yako,
chanzo cha kuaminika.