Jina Lililokuja na Lori

3 Februari. Leo ni miezi minane tangu niondoke.

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ukiacha mgongo na kikohozi cha vumbi. Magoti yako yanasemaje? Na mke wangu, ameshapata nguvu?

Barua yako dereva wa lori la matofali alinipa juzi, imekunjwa mara nane. Kwa hiyo nina binti! Kazaliwa kabla ya wakati, unasema, anatoshea kwenye karai la kuoshea mchele. Nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya tanuri nikakaa chini. Mzee Masizi, mchochea moto mwenzangu, akaniuliza, "Umefiwa?" Nikamwambia nimepata mtoto. "Sasa mbona sura hiyo?" Nikasema, "Ni mdogo mno."

Mnamwita Mgeni mpaka baba yake nitoe jina, na nesi wa kliniki ameacha nafasi kwenye kadi. Nimefikiri siku mbili nikipakia matofali. Aitwe Kimulimuli.

Unakumbuka nilipougua surua? Ulinisimulia habari za kijiji kilichomezwa na ukungu siku saba, watoto wakapotelea mlimani na mbuzi. Msichana mmoja akachukua kaa la moto kiganjani, akalipuliza njia nzima, akawaita watoto mmoja mmoja. Waliobaki chini waliona nuru ndogo tu, inawaka, inafifia, inawaka. Wakasema, tazameni kimulimuli kile! Jina lake la kuzaliwa likasahaulika, likabaki hilo. Binti yangu ni mdogo. Acha awe na jina la kitu kidogo kinachowaka.

Ila mwisho siukumbuki. Kila mara nilisinzia watoto walipokuwa wanarudi. Niandikie, nitakuja kumsimulia mwenyewe. Na mke wangu umwite Mama Kimulimuli, usimwite tena "wewe binti".

Simu na vitambulisho vyetu bado viko kwenye kabati la msimamizi, kwa hiyo tumtegemee dereva tu. Mkataba unaisha Desemba.

Mwanao.

*

27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yale yale. Mkeo anakula sasa. Hicho kikohozi chako funga kitambaa puani, usijifanye shujaa.

Mtoto ananyonya kidogo, anachoka, analala. Akivuta pumzi, mbavu zinaingia ndani. Nesi anasema tumbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, basi tunapokezana: mkeo asubuhi, mimi mchana. Ni mwepesi mpaka nafunua nguo kuangalia kama bado yupo.

Jina nimelisoma. Sikulitoa. Usinikasirikie.

Ulitaka mwisho, huu hapa. Watoto wote walirudi, wakahesabiwa, wakatimia. Lakini yule msichana akasikia sauti nyingine inalia huko juu. Wakamwambia, "Wote wamefika, huo ni upepo." Akasema, "Na kama siyo?" Akapanda tena na kaa lake. Ukungu ulipoondoka wakamtafuta. Hawakumpata. Ndiyo maana nilifurahi ukisinzia. Ulikuwa na homa, ningekuambiaje?

Sasa mtoto anayepumua hivi nimpe jina la mtu asiyerudi? Mkono wangu umekataa. Leo nesi kauliza tena, "Bibi, jina?" Nikasema baba yake bado anafikiri. Mkeo akaniangalia. Yeye analipenda. Huwa anamnong'oneza mtoto akidhani sisikii.

Lete jina lingine, haraka.

Mama yako.

*

22 Machi. Miezi tisa na nusu.

Mama,

Shikamoo. Wote hamjambo? Mtoto anaendeleaje? Barua nimeipata leo na naandika leo leo, dereva anaondoka saa nane.

Nisikufiche, nilikasirika. Nikaisoma kwa sauti wakati wa chakula. Hapa tangu Februari wananiita Baba Kimulimuli, kutwa nzima, "Baba Kimulimuli, leta maji!" Kwa hiyo hadithi ni yao pia. Mzee Masizi akasema, "Uongo mtupu. Kaa la moto kiganjani mlima mzima? Hafiki hata hatua tatu." Kibonge, anayepanga matofali, akamrukia, "Wewe mzee, mtoto wa watu kwenye hadithi naye unataka kumsimamia kazi?" Nikajaribu, Mama. Nilifika hatua nne. Kiganja cha kushoto kimefungwa kitambaa, karatasi inateleza, vumilia mwandiko. Ingawa hata nikiwa mzima mwandiko ni huu huu, niliishia darasa la tano.

Halafu Kibonge akauliza jambo ambalo sijawahi kulifikiria. "Hao watoto aliowarudisha walikaa tu? Hakuna aliyeinuka?" Tukabishana mpaka msimamizi akapiga filimbi. Mwisho tuliokubaliana ni huu: kila mtoto alichukua kaa jikoni kwa mama yake, kwenye kigae, siyo kiganjani, hapo Masizi aligoma kabisa. Wakapanga mstari kuanzia kijijini mpaka kileleni, wakamwita. Akaona mstari wa moto, akaufuata. Akarudi.

Hadithi ni yako, Mama, una haki ya kuibadilisha. Mpe jina. Mwambie nesi aandike leo.

Desemba nitakapokuja atakuwa anatambaa.

Mwanao.

*

16 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Utauliza hali zetu. Tupo.

Mtoto alituacha tarehe tisa Machi, saa nne asubuhi, kifuani kwangu. Haikuwa zamu yangu. Mkeo alikuwa hoi kwa uchovu, nikamchukua ili apumzike. Joto lake lilikuwa bado lipo, nikadhani amelala. Siku uliyokuwa ukiniandikia, alikuwa ameshaondoka karibu wiki mbili. Nilianza kukuandikia mara tatu, nikazichana zote.

Sikumpa jina. Nilidhani namzuia asiende. Kadi imeandikwa "mtoto wa kike", basi.

Barua yako ilipofika nilitaka kuificha. Mkeo akaichukua mkononi mwangu, akaisoma akiwa amesimama, akairudia. Hajanilaumu. Afadhali angenilaumu. Akatoka na kadi mpaka kliniki. Nesi akamwambia kadi ikishafungwa haiandikwi tena. Akarudi nayo, ameiweka chini ya mto.

Tangu hapo alikuwa hali. Jana nikasimama mlangoni nikamwita, "Mama Kimulimuli, njoo ule." Ilikuwa mara ya kwanza. Akaja, akala.

Sijui kama nilifanya vizuri. Nisamehe, ukiweza. Kiganja kimepona?

Mama yako.

*

11 Mei. Miezi kumi na moja na siku kadhaa. Siku sizihesabu tena.

Mama,

Shikamoo. Kiganja kimepona, kimebaki kigumu pale katikati. Mke wangu anakula? Na wewe unakula?

Nilikwenda kwa msimamizi kuomba ruhusa. Akauliza, "Mmeshazika?" Nikasema, tangu Machi. "Sasa unakimbilia nini?" Akafungua kabati kutafuta kalamu, nikakiona kitambulisho changu juu ya rundo, ningenyoosha mkono ningekigusa. Akalifunga. Nikarudi kwenye tanuri.

Sijakukasirikia. Na mimi nilichagua jina bila kujua mwisho wake. Ungeliandika siku ile ile, mbavu zake zisingejua. Kitu pekee nilichoweza kumtumia mwanangu ni neno moja, nalo lilikaa barabarani wiki tatu likingoja matofali yashushwe.

Siku tatu wenzangu hawakujua waniite nini. Masizi alikuwa ananiita "wewe", Kibonge "ndugu yangu". Nikipita na toroli, mazungumzo yanakatika. Jumatatu nikasimama nikawaambia, "Jina langu si mnalijua? Endeleeni." Mzee Masizi akapangusa uso, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Kisha akasema, "Haya. Baba Kimulimuli, leta maji." Nikaleta.

Mwambie mke wangu kadi aitunze. Na wewe mwite vile vile, kila siku, hata siku asiyoitika.

Mkataba unaisha tarehe tano Desemba. Njiani ni siku tatu, lori lisipoharibika. Natarajia kurudi tarehe nane.

Mwanao,
Baba Kimulimuli.