Mwanamke wa Alhamisi

Manyatta, Kisumu
12 Agosti 1994

Dada yangu mpenzi Dorca,

Nakusalimu kwa upendo wote wa mtu uliyelala naye kitanda kimoja miaka mingi mkigombania blanketi. Hujambo wewe? Shemeji naye? Kifua cha mtoto kimepona, au baridi ya Kitale bado inamsumbua? Na mahindi, yamebeba vizuri? Huku sisi tu wazima. Jua la Kisumu ni lile lile, magugu yamezidi kufunika ziwa upande wa Dunga, na mimi nimenenepa kidogo. Majirani wanasema ni ndoa, nami siwabishii.

Dorca, ndoa ni tamu. Sijui kwa nini hukuniambia. Dalmas huamka kabla yangu akanichotea maji, kisha anakaa kando ya kitanda na kunitazama mpaka nifungue macho. Akiniita jina langu, Rosa, nasikia kama ni yeye aliyelibuni. Nikimwona kwa mbali anakuja na shati lake la buluu, mimi mke wake halali wa kanisani, moyo unanidunda kama wa msichana wa kidato cha pili. Kwa hiyo utakaposoma haya yanayofuata, ujue yameandikwa na mtu anayempenda mumewe kupita kiasi, na pengine hapo ndipo taabu yote ilipoanzia.

Wewe ulimwona Dalmas siku ya harusi tu, kwa hiyo acha nikueleze kazi yake. Ana chumba karibu na soko la Kibuye chenye televisheni na mashine ya gemu. Vijana hulipa, wanachagua kaseti, wanacheza. Kaseti nyingi zinazofika hapa si nzuri sana wala si mbaya sana, ni za katikati, na zamani watu walikuwa wakilipa halafu wanagombana naye kwamba wamedanganywa. Ndipo akaweka ubao mweusi nje ya mlango. Kila kaseti mpya huiandikia kwa chaki uzuri wake, ubaya wake na hukumu yake. Haogopi kuiponda kaseti yake mwenyewe. Mimi nilimpenda kwa huo ubao kabla sijamjua uso. Nilikuwa napita kwenda kununua nguo za mitumba, nikasoma: "Mbio za magari. Picha safi. Sauti kama nyuki ndani ya kopo. Gari hukwama ukutani. Cheza kama huna haraka." Nikasema moyoni, huyu mwanamume hawezi kunidanganya.

Sasa sikiliza. Miezi miwili baada ya harusi, maneno ya ubao yalibadilika. Siku moja nimempelekea chakula cha mchana, nikakuta watu wamejaa mlangoni wanasoma na kucheka, wengine wametoka Mamboleo kusoma tu, hata hawaingii. Palikuwa pameandikwa hivi: "Binti wa mfalme amefungwa mnarani mchezo mzima, na nywele zake bado zimesukwa vizuri. Nani humsuka? Aliyetengeneza hakujiuliza. Lakini bustani ya mwisho ni nzuri mno, na kwa ajili yake unaweza kuuvumilia ule mnara."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesukwa upya wiki ile, Dorca, na Dalmas hakuona mpaka Jumapili. Mwanamume asiyeona nywele za mkewe ameanza lini kuuliza za binti wa mfalme?

Nilimuuliza usiku ule kwa upole. Akasema ni mawazo tu yaliyomjia, akainuka kwenda kufunga dirisha lililokuwa tayari limefungwa.

Kutoka hapo nikawa mtu wa kunusa. Nikagundua kwamba kila Alhamisi mchana anafunga chumba, anasema anajaribu kaseti mpya na anahitaji utulivu. Nikagundua maganda ya njugu chini ya benchi, na Dalmas hali njugu, humwasha koo. Kisha nikaona pazia. Alikuwa amefunga kamba katikati ya chumba, pazia la maua mekundu limekunjwa pembeni. Akaniambia ni la kuzuia mwanga usipige kioo cha televisheni. Lakini dirisha liko upande ule mwingine kabisa. Na tangu lini mwanamume akaenda sokoni mwenyewe kuchagua pazia la maua? Nyumbani kwetu nilimwomba pazia tangu tuoane, bado tunatumia shuka.

Mlango wa pili kutoka kwa Dalmas yuko Rehma, fundi wa nguo, mama wa Kiislamu mwenye utani mwingi. Nikajifanya nimepeleka sketi ya kupunguza. Nikamuuliza kama Alhamisi huwa anaona watu wakiingia pale. Rehma akaendelea kukanyaga cherehani yake, akasema yeye ni fundi, si askari, hajaona kitu. Akashona mpaka mwisho wa mstari, akakata uzi kwa meno, ndipo akasema kwamba kama angekuwa ameona, basi angekuwa ameona leso ya zambarau iliyofunikwa mpaka machoni. Halafu akanitazama kiunoni na kusema hiyo sketi haihitaji kupunguzwa, inahitaji kuongezwa.

Nililia njia nzima, na nyumbani nikampikia samaki wa nazi. Ndivyo nilivyokuwa, Dorca. Naupakua ugali huku nauliza moyoni kama huyo mwingine naye anampakulia. Akinishika mkono, nafikiri, mbona ameushika leo hivi na jana hakuushika hivi? Akiniambia ninapendeza, nasikia kama ubao: uzuri wake huu, sasa ubaya wake anamwambia nani?

Kisha ikaja kaseti ya mvuvi. Ubao ulisema: "Ziwa lake ni zuri na mtumbwi unatii. Lakini samaki wanaruka wenyewe ndani na hakuna anayelowa. Aliyetengeneza hajawahi kuinua wavu wala kungoja mtu arudi. Mcheze asubuhi ukiwa na furaha, jioni atakuchosha." Hapo nikapata mwanga. Nikajua ni mwanamke wa samaki. Wiki nzima nikawa nawapitia wachuuzi wa samaki pale Kibuye mmoja baada ya mwingine, hasa wale wembamba.

Sikumpata. Nikaona niende Dunga kwa Mama, kwa sababu hakuna mwanamke anayeuza samaki ufuo ule asiyemjua. Nilimkuta ameanika omena kwenye nyavu, anazigeuza. Tangu Baba atutoke Mama amekuwa mtu wa maneno machache, unajua, lakini siku ile alininyamazia kwa namna nyingine. Nilimweleza yote: ubao, njugu, pazia, leso. Akaniuliza kama nimemwona uso huyo mwanamke. Nikasema bado, lakini lazima ni msichana mdogo asiye na haya. Mama akakohoa. Akasema omena zimemwingia puani. Akaniambia nisimwambie mtu yeyote mpaka yeye aniambie, na hakunisindikiza hata njiani.

Nikarudi nikiwa na moto kifuani. Niliona wazi kwamba Mama anamjua huyo mwanamke na anamficha, labda ni binti wa rafiki yake. Yaani mama yangu mzazi. Kwa hasira hiyo, sikukata kona kwenda nyumbani. Nilinyoosha moja kwa moja kwa Shangazi Beldina.

Unamjua Shangazi. Hakuuliza mara mbili. Kabla wiki haijaisha wajomba wa Dalmas walikuwa wamepata habari, wazee wa kwetu nao, na siku ikapangwa. Watakuja hapa nyumbani Jumapili ya wiki ijayo, pande zote mbili, Dalmas asimame mbele yao amtaje huyo mwanamke. Dalmas alipopata habari hiyo hakunifokea. Aliniuliza tu kama ni mimi niliyewaita. Nikasema ndiyo. Akachukua kofia yake akaenda kazini.

Alhamisi ya wiki iliyopita nilijificha kwa Rehma, nyuma ya magauni yaliyotundikwa. Leso ya zambarau ikaja, imejifunika, ikaingia. Rehma akaninong'oneza nivue viatu kwanza. Nikazunguka mlango wa nyuma, ule usiofungika vizuri, nikaingia polepole.

Dada, televisheni ilikuwa imewaka na hakuna aliyekuwa akicheza. Pazia la maua limevutwa katikati ya chumba. Upande huu Dalmas ameketi juu ya kreti ya soda, chaki mkononi, amegeukia ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Upande ule ilisikika sauti ya mwanamke. Ilikuwa ikisema kwamba imekuja kuaga, haitarudi tena, na kwamba Jumapili itasimama yenyewe mbele ya wazee iseme.

Dalmas akauambia ukuta: "Hapana, Mama. Acha waniite mzinzi. Hilo nitalibeba. Lako hawatakusamehe."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Nikalivuta pazia. Dalmas akaruka, akajifunika uso kwa mikono yote miwili, akatoka nje mbio bila kutazama nyuma. Na kwenye benchi, viatu amevua, njugu mapajani, alikuwa ameketi Mama.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "ni mimi. Hakuna mwanamke mwingine."

Unakumbuka jinsi shemeji, mume wako, alivyoingia kwenye mashamba ya watu siku alipokutana na Mama njiani ghafla, kwa ile heshima ya mkwe? Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Sasa fikiria chumba kilichofungwa, Alhamisi hadi Alhamisi. Hata kama pazia lingekuwa la mabati, Shangazi Beldina asingeliona.

Mama alinieleza yote akiwa ametazama vidole vyake vya miguu. Baada ya harusi alisikia kwamba nyumba ya gemu ni nyumba ya kamari. Akatoka kuuza samaki, akajifunika leso, akaingia kama mteja ili aone mwanawe ameolewa na mtu gani. Alimshuku Dalmas kabla yangu mimi. Akapewa vibonyezo, akaona aibu kukataa. Dalmas alisimama nyuma akimwelekeza mteja wake bila kujua ni nani, mpaka Mama alipofungua mdomo na kusema huyu askari anaruka kabla ya kutazama. Dalmas akaitambua sauti, akatoka nje akasimama juani mpaka Mama alipoondoka. Juma lililofuata Mama alipopita, alikuta pazia limefungwa na kaseti mpya imewekwa tayari. Hakuna aliyesema neno juu ya jambo hilo. Yeye alicheza, akasema anavyoona, na upande wa pili chaki ikaandika.

Nikamuuliza kwa nini aliendelea. Akakusanya maganda ya njugu mapajani. Kisha akasema kwamba nyumbani, tangu Baba aondoke, hakuna anayemuuliza anaonaje kitu chochote.

Mimi ndiye mtoto wa karibu, na nilipokwenda kwake nilizungumza juu ya Dalmas tu.

Nilimkuta mume wangu nje kwa Rehma, amekaa kati ya magauni. Nilimpigia magoti hapo hapo sokoni, nikamwomba msamaha. Akaniinua, akasema niache, nitachafua sketi. Lakini Jumapili iko pale pale. Mama anataka kusema ukweli, Dalmas anasema kama Mama ataaibishwa yeye hatakaa Kisumu tena. Wakabishana hivyo, mmoja ndani mmoja nje, mimi nikibeba maneno katikati.

Sasa nakuungamia jambo ambalo hutalipenda. Nimewaambia nitasimama mimi. Nitawaambia wazee kwamba mwanamke wa Alhamisi ni mimi mwenyewe, kwamba nilikuwa nafundishwa gemu kwa siri, na kwamba nilizusha habari ya mwanamke mwingine kwa sababu niliona haya kujulikana, mke wa mtu nacheza na vitu vya vijana. Watanicheka mpaka mwaka ujao. Shangazi ataniita mtoto mbele ya wajomba wote. Na wacheke. Leso ya zambarau ninayo mimi sasa, na Rehma ameapa kwamba wiki hizi macho yake hayaoni vizuri.

Ila Shangazi hataamini kwa maneno tu, atanitaka nicheze mbele yake, na atakuandikia wewe kuuliza, maana anasema mwalimu kama wewe hasemi uongo. Nakuomba, dada, umwambie kwamba tangu Pasaka nakuandikia habari za gemu mpaka umechoka kusoma. Ukiona huwezi, nitakuelewa, lakini usimjibu kabla ya Jumapili hiyo.

Kwa sababu hiyo najifunza. Ni vigumu kuliko unavyodhani. Kuna kaseti ambayo mtu huvuka daraja lililovunjika, mimi sijavuka hata mara moja. Jana nilikaa benchini, Mama kando yangu ananielekeza bonyeza, bonyeza sasa, Dalmas upande wake wa pazia anauliza nimefika wapi. Nikaanguka mtoni. Mama akaanza kucheka, kicheko kile cha zamani cha jikoni kwetu, ambacho sikuwa nimekisikia tangu mazishi. Na Dalmas akamsikia, naye akacheka huko aliko. Walinicheka wote wawili, kila mmoja upande wake, mpaka Mama akajifuta machozi. Niliporudi darajani nilikuwa nimeshajua pa kuruka, kidole kilikuwa tayari. Nikajiachia makusudi, nikaanguka tena.

Basi nifikishie salamu kwa shemeji na watoto, uwabusu wote paji la uso. Mama anakusalimu na kuuliza utakuja lini. Dalmas naye anakusalimu kwa heshima. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Rosa
Bibi Dalmas (bado napenda kuliandika)