Kadi Mpya ya Desderia

Mbinga, wakati wa kuchuma kahawa

Kwako kaka Ramadhani,

Assalaam alaykum. Nakuandikia nikiwa mzima, nimejifunika blanketi mchana kweupe, maana baridi ya Mbinga miezi hii haina adabu. Mama anaendeleaje na goti lake? Anafanya yale mazoezi niliyomwonyesha, au anasubiri nirudi likizo ndipo ajifanye alikuwa anayafanya? Na mwanao je, ameanza kutambaa? Wifi aliniambia bado anajivuta kwa tumbo. Msimharakishe, atatambaa tu.

Nimechukua kalamu kwa sababu kwenye simu huwa unanikata kabla sijafika mwisho. Juzi uliniambia vijana wanalalamika kwamba gemu zinaganda pale kwenye chumba chako cha gemu hapo Kondoa, na kwamba umeamua kununua grafiki kadi mpya kwa mashine zote. Nilipotaka kukueleza nililoliona huku, ulisema nijishughulishe na viungo vya watu. Basi hili linahusu viungo vya mtu. Lisome lote kabla hujaenda dukani.

Nina mgonjwa anaitwa Desderia. Anaishi Matiri, huko milimani, kwa baba yake Mzee Kasian, mkulima wa kahawa. Alikuwa anasomea uhasibu Songea. Akiwa njiani kurudi nyumbani kipindi cha mvua, bodaboda aliyopanda iliteleza kwenye mteremko, akaumia shingo. Miguu haijarudi. Mikono ilirudi nusunusu, na wa kulia ulibaki mzito, vidole vimejikunja kama bado vimeshika mpini wa jembe. Nilipopangiwa kumfuata nyumbani nilimkuta amechoshwa na kila kitu. Mipira ya kuminya niliyompelekea ilikuwa chini ya kitanda. Aliniambia, "Dada Hadija, siwezi kuminya mpira maisha yangu yote."

Kilichomwamsha ni gemu. Binamu yake aliyehamia Mbeya kikazi alimwachia kompyuta kubwa ya mezani, na ndani yake mna gemu ya kurusha ndege. Wewe ndiye rubani, una fimbo halisi ya kushika mkononi, na dunia iliyo chini yako ni hii hii yetu. Unaondoka uwanja wa ndege wa Songea, unakwenda unakotaka. Ili uishike ile fimbo lazima ukunjue vidole, uzungushe kiwiko, ubonyeze kwa dole gumba. Mambo niliyokuwa nambembeleza ayafanye kidogo tu, alikuwa anayafanya mchana kutwa akiwa na hamu.

Shida ni kwamba gemu ilikuwa inaganda. Picha inasimama, halafu inaruka mbele kwa kishindo. Anageuza fimbo, ndege haigeuki. Anaongeza, ghafla ndege imelala ubavu. Kichwa kilimzunguka, akatapika. Mwisho akaiweka fimbo pembeni, na mkono ukarudi kulala mapajani. Nilipokuja kuupima, vidole vilikuwa vimeanza kukaza upya.

Mzee Kasian aliuliza watu hapa mjini, wakamwambia kompyuta ile inataka grafiki kadi yenye nguvu, kile kifaa kinachochora picha za kwenye kioo. Alipouza kahawa akaenda Songea, akarudi na kadi ameipakata njia nzima kama trei ya mayai. Fundi akaja kuifunga.

Safari iliyofuata nilimkuta mzee anageuza kahawa kwenye kichanja. Nikamwamkia.

"Marahaba, daktari." Mimi ni mtu wa mazoezi ya viungo tu, si daktari, lakini nimechoka kumrekebisha. "Ingia ukamwone mwenzio. Sasa ndege inaruka vizuri, ameniambia mwenyewe."

Ndani, Desderia alisubiri baba yake aende mbali na dirisha. "Dada, haijabadilika hata kidogo," akasema taratibu. "Kila siku ananiuliza kama inaruka, namwambia inaruka. Nimeshindwa kumwambia ukweli."

Kaka, niliamini mzee ameuziwa kadi mbovu, nikaanza kuwaza jinsi ya kumsaidia kuirudisha. Nikakumbuka pia ulivyowahi kunisimulia kuhusu mteja aliyefunga kadi mpya halafu akachomeka waya wa kioo palepale pa zamani, kadi ikakaa bure. Nikainama nyuma ya mashine nikaangalia. Waya ulikuwa kwenye kadi, kila kitu sawa.

Desderia naye alikuwa na jambo lililomsumbua. "Angalia hili," akasema. Akashusha ubora wa picha mpaka mwisho. Milima ikawa kama vipande vya sabuni, maji yakawa rangi tupu ya bluu. Ndege ikaendelea kuganda vilevile. Kisha akaupandisha ubora juu kabisa. Picha ikapendeza, na kuganda kukabaki kulekule. "Kama kadi ndiyo inayolemewa," akasema, "nikiipunguzia kazi si ingekwenda haraka? Na nikiiongezea si ingezidiwa?"

Alikuwa ameshawauliza watu wanaocheza gemu hiyo kwenye mtandao. Mmoja akamshauri afungue ule ukurasa wa kompyuta unaoonyesha nani anafanya kazi kiasi gani, auangalie wakati ndege iko angani. Tukaufungua pamoja. Kadi mpya ilikuwa karibu imelala. Prosesa nayo, ule ubongo wa kompyuta wenye vichwa kadhaa vya kazi, ukiitazama kwa ujumla, ilionekana ina nafasi tele, na hapo nikakata tamaa. Lakini Desderia akabonyeza mahali ikajigawa, kila kichwa cha kazi ndani ya prosesa kikajionyesha peke yake. Vingine vilikuwa vinafanya kazi kidogo. Kimoja kilikuwa kimejaa mpaka juu, mstari wake umegusa dari na haushuki.

Ndipo akanielewesha, na mimi nakueleza kama nilivyoelewa. Kabla picha moja haijachorwa, lazima kwanza prosesa ijue ndege iko wapi, upepo unaisukuma kutoka upande gani, bawa lipi limeinuka, ndege nyingine zilizo angani zimefika wapi, magari ya Songea yako barabara gani, na nyumba na miti gani inapaswa kuonekana. Ikimaliza hesabu hizo ndipo inaikabidhi kadi ichore. Halafu inaanza upya, kwa picha inayofuata, na inayofuata, nyingi ndani ya kufumba na kufumbua. Na sehemu kubwa ya hesabu hizo gemu ile imeirundika kwenye kichwa kimoja. Kadi ya mzee ilikuwa inachora kwa haraka ya ajabu, kisha inakaa kusubiri.

Sijui kama wewe umeyazoea mambo haya. Mimi nilipigwa na butwaa. Nimesoma miaka mingi jinsi mwili unavyojua kiwiko kiko wapi bila kukitazama, na sijawahi kuacha kushangaa. Sasa naona ndani ya boksi la bati, kwenye chumba chenye harufu ya kahawa mbichi, kitu kinachojaribu kujua mahali pa kila jambo duniani kwa wakati mmoja, na kinakaribia kuweza. Niliacha kuona kuganda kule kama ubovu. Niliona ni kama mtu anayevuta pumzi chini ya mzigo.

Hatukumsikia mzee akiingia. Alikuwa amesimama mlangoni, na ndege kwenye kioo ilikuwa imeganda, pua yake imeelekea chini.

"Kumbe hairuki," akasema.

Desderia akaanza kulia. Mzee hakukasirika. Aliuliza tu, "Nimenunua kitu kibovu?"

"Hapana, baba. Kadi ni nzima, nzuri kabisa. Tatizo ni CPU."

Mzee akamwangalia, akaniangalia na mimi. Kaka, wewe unajua CPU ni jina jingine la prosesa. Huku wakulima wanaita hivyohivyo mtambo wa kumenyea kahawa wa chama cha ushirika. "CPU ya chama imefanya nini tena?" akauliza.

Tukacheka wote, Desderia na machozi yake. Akamweleza, kwa Kimatengo na Kiswahili vikichanganyika, na mzee akasikiliza bila kumkatiza. Mwisho akasema, "Kwa hiyo nimenunua mashine kubwa ya kumenya, na mchumaji shambani ni mmoja, yuleyule."

"Ndiyo, baba."

"Basi mpunguzieni mchumaji miti."

Ndivyo tulivyofanya. Desderia akaingia kwenye mipangilio ya gemu. Akaziondoa ndege za wengine angani, akaondoa magari barabarani, akapunguza umbali ambao nyumba na miti huhesabiwa. Ubora wa picha akauacha juu kabisa, kwa kuwa huo ni mzigo wa kadi, na kadi ilikuwa na nguvu za kutosha. Akashika fimbo kwa mkono wa kulia, akaondoka Songea. Juu ya mji iliganda kidogo, sikufichi. Tulipofika juu ya milima ikatulia. Ikawa inateleza.

Mzee alivuta kiti. Alikuwa hajawahi kuitazama nchi yake kutoka juu. Milima ya Mbinga ilipita chini yetu mmoja baada ya mwingine, mabonde yakiwa na kivuli, kisha ardhi ikaanza kushuka na Ziwa Nyasa likafunguka mbele, jeupe kwa jua, halina mwisho. Desderia akashuka mpaka tukaona maji yanavyometa. Mzee alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono yote miwili.

"Nirudishe Matiri," akasema. "Nataka kuona kwangu."

Akageuza ndege. Tulipofika, kulikuwa na miteremko ya kijani tu. Nyumba haikuwepo, wala kahawa, wala yale mashimo ya ngolo ambayo Wamatengo huyachimba kwenye miteremko ili udongo usichukuliwe na mvua.

"Hatupo," mzee akasema.

"Hatupo, baba. Wameweka milima tu."

Akasogeza kiti karibu na kioo. "Hata hivyo ni yenyewe," akasema. "Ule pale ndio mlima wa babu yako." Na Desderia akauzungukia mlima ule, tena na tena, mkono umekunjuka kwenye fimbo, mpaka mzee alipotosheka.

Nisikudanganye kwamba sasa anatembea. Ila vidole vinafunguka, anashika kikombe chake mwenyewe, na mipira yangu ameitoa chini ya kitanda kwa hiari yake, anataka mkono upate nguvu ya kuitua ndege penye upepo. Mzee aliuliza kuhusu prosesa mpya. Tulipomwambia huenda itataka na mazabodi mpya, ule ubao inapochomekwa, akasema msimu ujao.

Kwa hiyo kaka, kabla hujanunua, angalia kwanza nani amelemewa. Mashine zako huenda zina tatizo jingine kabisa, vumbi la Kondoa na joto, au diski nzito. Shusha ubora wa picha uone. Gemu ikiwa nyepesi, kadi ndiyo iliyozidiwa, nunua. Isipobadilika, hela yako ibaki mfukoni.

Wiki iliyopita kazi ilinipeleka Lundo, kule ziwani, kuwaona wagonjwa. Tulipomaliza nilishuka ufukweni. Wanawake walikuwa wanaanika dagaa, huku wanawaita usipa, na upepo ulikuwa unavuma kutoka ng'ambo, Malawi. Nikasimama nikitazama maji. Kila wimbi lilijua pa kwenda, na kila jani la mwanzi, na moshi, na ndege waliokuwa wanawavizia wale dagaa, vyote kwa wakati mmoja, na hakuna kilichomsubiri mwenzake. Mama mmoja akaniuliza, "Dada, umepoteza nini?" Nikamwambia sijapoteza kitu. Nikashindwa kuondoka mpaka dereva alipopiga honi.

Mpe mama salamu zangu, mwambie namwombea, na goti lisikae baridi. Wifi msalimie sana, na mtoto nibusie kichwani. Shangazi Mwanaisha mwambie kitenge chake nimekipata, cha rangi aliyoitaka. Msalimie na mjomba Juma, ambaye bado ananidai picha za ziwa. Nilipiga nyingi. Nimezitazama, zimesimama zote, wala hazifanani na nililoliona.

Ni mimi mdogo wako anayekukumbuka,
Hadija