Tunahitaji Sauti ya Pili

Tal-y-bryn,
Llanfedwen,
Welisi ya Kaskazini.
13 Februari 2019

Mpendwa mdogo wangu Luned,

Pokea salamu za kaka yako. Hujambo, mama? Magoti yamepunguza kuuma? Huko Patagonia, Argentina, sasa ni kiangazi. Natumaini micheri imezaa vizuri na mwanao Ceinwen amepona kifua. Mimi mwili mzima, isipokuwa sikio la kulia, ambalo limeniaga kabisa.

Unisamehe kwa salamu fupi. Nina hasira, Luned. Wiki nzima nina hasira, hata chai imenikataa.

Sababu ni kwaya. Unajua kwamba kila Ijumaa Kuu tunaimba yale Mateso makubwa ya Bwana, kitabu kizima, na kwamba tangu enzi za babu yetu tunayaimba kwa Kiwelisi. Siku hizi watu hawajifunzi kwa chati ya solfa, ile ya do-re-mi, ukutani kama wewe na mimi. Wanajifunza kwa rekodi. Kila mwimbaji hupewa rekodi ambayo sauti yake imepazwa na zile nyingine zinasikika kwa mbali, naye huisikiliza garini au akimenya viazi. Silipingi hilo. Tarishi wetu ameimba sauti ya tatu mlango hadi mlango majira yote ya baridi, na hakosei.

Kinachoniudhi ni kwamba rekodi zinazouzwa ni za Kiingereza tu. Basi Jumanne ya wiki iliyopita kamati ikatutangazia kuwa, kwa sababu hiyo, mwaka huu tutaimba Kiingereza. Ni kana kwamba fundi amekosea suruali, halafu mvaaji ndiye akatwe miguu.

Na aliyetangaza si mgeni. Waingereza waliostaafu na kuhamia hapa, ambao huyaandika maneno yetu jinsi wanavyoyasikia ili wayaimbe vizuri, walitazama sakafu. Aliyetangaza ni mwenyekiti, Nerys Bebb, mjukuu wa Bibi Hawys wa nyumba ya darajani kule bondeni kwetu, Cwm Helfa. Bibi yake alitolewa siku moja nasi, bonde lilipojazwa maji ili mji wa Uingereza upate ya kunywa. Nilisimama nikamkumbusha.

"Mzee Ithel, tafadhali usituanzie," akasema. "Watu wana kazi, wana watoto. Nani atakaa akaririshwe neno moja moja?"

"Bibi yako alikariri akikamua ng'ombe."

"Mimi sina ng'ombe, mzee wangu. Nina gari na foleni."

Watu wakacheka. Kisha akaongeza kwa upole, na ule upole ndio ulionichoma: "Bonde limeshazama. Tusiizamishe na kwaya."

Luned, siku ile tulipokaa barabarani kuyazuia magari ya wahandisi nilitukanwa matusi ya kila namna. Hakuna lililoniingia kama hili. Bonde halikuzama lenyewe. Lilizamishwa, na waliopiga saini walisema hayo hayo anayosema Nerys: kwamba watu wana shida, kwamba ndiyo njia rahisi, kwamba tusiwe wagumu.

Nilitoka nje kwenye mvua bila kofia. Gwern, muuza nyama, akanifuata nayo. "Vaa, mzee. Ukifa leo, Nerys ndiye atakayechagua nyimbo za mazishi yako." Nikacheka, nikaivaa.

Mwalimu wa kwaya, Deiniol, ni kijana wa haki. Ametuambia hivi: tukimletea rekodi zetu wenyewe za Kiwelisi, sauti zote nne, kabla ya Jumanne ya kwanza ya Kwaresima, atafundisha Kiwelisi. Ikipungua hata moja, ni Kiingereza. Nami najua kwamba tukishaimba Kiingereza mwaka mmoja, vitabu vyetu vitaingia sandukuni na hakuna atakayevitoa.

Mair wa posta ameshaimba ya kwanza. Gwern ameimba ya tatu, ndani ya gari lake la nyama, maana ndimo penye utulivu. Ya nne nimeiimba mimi. Sauti ya pili hatuna. Wanaoijua kwa Kiwelisi wote wanakaa benchi moja na Nerys, naye amewaambia wasijisumbue. Mmoja wao alipoona ninaingia dukani alijificha nyuma ya rafu ya mikate. Nilimwona.

Kwa hiyo ni wewe. Mama yako, mama yangu mdogo, alikibeba kitabu chake cha Mateso alipowahamishia huko, na umeimba sauti ya pili kutoka kitabu hicho maisha yako yote. Usiniambie umezeeka. Usiniambie sauti imekwaruza. Hatutafuti uzuri, tunatafuta maneno yaliyokaa mahali pake.

Imba jikoni, Ceinwen akurekodi kwa simu. Zima friji, maana inavuma na simu itaisikia. Taja ukurasa kabla ya kuanza. Pumua pale sentensi inapopumua, hata kama kifua kinataka mapema, kwa kuwa utakapopumua wewe, benchi zima litapumua. Umati unapoitaka damu ya Bwana, usipige kelele, tamka. Ukikosea, sema umekosea, urudie, Mair atakata.

Yeye ndiye atakayeipiga picha barua hii na kuituma leo kwenye simu ya Ceinwen. Nimeiandika kwa mkono kwa sababu hasira hii haienei kwenye kioo cha simu.

Nisalimie Ceinwen na mumewe Rodolfo, na wote wa kanisa lenu wanaonikumbuka. Mungu aiweke nyumba yenu katika heri na awape mvua kwa wakati wake.

Jambo moja la mwisho. Nerys huenda kazini kila asubuhi kwa barabara inayopita juu ya bwawa lile lililofunika bonde letu. Ni mwimbaji mzuri wa sauti ya pili, hakosi mazoezi, na atalazimika kujifunza kwa rekodi yako kama wenzake. Nataka apite juu ya maji yale huku mtu wa Cwm Helfa akimwambia masikioni wapi apumue.

Wako nikupendaye, hata katika hasira hii,
Kaka yako, Ithel