Aparei nyekundu ya Sofia

Jumamosi usiku

Na mimi nilimwamini Sofia, sababu ni mudogo wangu wa tumbo moja!

Picha zimerudi leo kutoka studio. Binti yangu Aziza, wa kwanza katika familia yetu kupata diploma, haonekani. Zote ni giza tupu.

Sofia mwenyewe aliniuzia hiyo aparei ya picha, katika duka lake la Makiso. Nyekundu kabisa, rangi moja na liputa, kile kitenge nilichoshonesha kwa sherehe ya diploma. "Yaya, dada yangu mukubwa, hii iko yako tu," akasema. Niliivaa shingoni, na kila mutu aligeuka kuniangalia. Kweli nilipendeza.

Hakuniambia kwamba haina flashi, kwamba inataka jua. Naye alijua sherehe itakuwa jioni, ndani ya nyumba. Yeye alikuja na ile yake nyeusi, mbaya, yenye flashi.

Nimemuuliza. Amecheka: "Bon, yaya, ulitaka urembo, nikakupa urembo."

Picha moja aliyopiga mume wake na ile nyeusi imetoka safi. Aziza na diploma, Sofia amemukumbatia kama yeye ndiye alimuzaa.

Kesho mutoto anaenda nayo Lubumbashi. Hana picha nyingine ya sherehe. Wenzake wataiangalia, watamwambia: mama yako ni muzuri.