Mzee Taratibu na Pikapu Iliyovuta Kushoto

Nyumba ya nyuma, Duka la Vioo,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo, na nyingine ya kulipia ile niliyoisahau kwenye barua iliyopita, maana nakujua, uliiona haipo. Afya yako vipi? Kile kikohozi kimekuachia? Na wifi yangu, goti lake linapanda ngazi sasa au bado analibembeleza? Wanangu nao hawajambo? Ile picha yao ya vibogoyo nimeibandika kwenye mlango wa kabati, na kila mteja anayeingia dukani analazimika kuisifia kabla sijamkatia kioo.

Sisi huku wazima. Mama amepata miwani mpya, na sasa anaona vumbi hata pale ambapo wote tulikuwa tumekubaliana kutoliona. Cherehani yake inaunguruma asubuhi mpaka jioni. Kinyozi wa jirani amepaka duka lake rangi ya kijani, eti inatuliza wateja. Mzee kaitazama, kaguna, kaingia ndani.

Sasa nije kwa mzee mwenyewe, maana najua ndiyo habari unayoisubiri. Uliniandikia kwamba ulipokuja likizo uliona mikono yake inatetemeka akishika kikombe, na kwamba umefika wakati aachie funguo za pikapu. Ukanipa mimi kazi ya kumwambia, kwa kuwa eti ananisikiliza. Kaka, sijamwambia. Na nikikueleza yaliyotokea, nadhani hata wewe utafurahi kwamba domo langu kwa mara ya kwanza lilichelewa.

Unaikumbuka hiyo pikapu ilivyokuja. Hatujawahi kuwa na gari jipya kiasi kile, mpaka mama alikataa kuvua nailoni kwenye viti. Haikupita muda ikaanza kuvuta kushoto. Mzee akaipeleka kwa fundi wa magurudumu, yule tuliyempachika jina la Mstari Mnyoofu, akaipandisha kwenye mashine, akainyoosha, ikatoka imetulia kama maji ya mtungini. Baada ya wiki chache ikarudia yale yale, na usukani umekaa upande, na tairi za mbele zimelika ukingoni.

Ikarudishwa gereji. Ikabadilishwa tairi, vikabadilishwa vyuma vya usukani, ikanyooshwa tena na tena. Kila fundi alikuwa na lake. Mmoja alilaumu mashimo barabarani, mwingine akamlaumu aliyeitengeneza huko ilikotoka. Mwishowe Mstari Mnyoofu, ambaye ni mtu wa adabu, aliuliza kwa sauti ya chini anayeiendesha ni nani hasa.

Swali lile lilimwingia mzee. Kesho yake akaenda kupimwa macho bila kumwambia mtu, akaambiwa anaona vizuri, na badala ya kufurahi akarudi mnyonge zaidi. Siku moja mezani aliitandaza mikono yake mbele ya sahani akaiangalia kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akasema, "Gari halina kosa. Mikono ndiyo imechoka. Nikimaliza vioo vya zahanati, funguo atachukua Chiriku."

Mama aliacha kutafuna. Mimi nina leseni, ndiyo, lakini sijawahi kuendesha nikiwa na vioo nyuma. Na wewe unajua yule mzee bila vioo vyake ni nani. Watu wanamwita Mzee Taratibu mpaka kwenye harusi, kwa vile alivyozoea kuwaambia wabebaji: taratibu, taratibu. Nilijiambia, basi, kaka amepata alichotaka, na mimi sina hata haja ya kufungua mdomo. Lakini moyo uliniuma sana.

Siku ya kupeleka vioo vya zahanati tulikuta geti limefungwa na mwenye ufunguo kaenda mazikoni. Tukageuza na mzigo wetu. Jioni ile ile pikapu ilikuwa na miadi gereji, na unajua sheria ya nyumba yetu: kioo hakiingii gereji, kwa sababu ya nyundo na vyuma vinavyorushwa. Siku zote tunashusha kwanza, ndipo tunapeleka gari tupu. Siku hiyo mzee alizima injini mbele ya duka, akavitazama vile vioo, akasema hana nguvu ya kushusha na kupakia tena. Tukaenda hivyo hivyo.

Mstari Mnyoofu akaipandisha na mzigo wake. Akafunga vipimo, akaangalia skrini, akakuna kichwa. Akafungua vipimo, akavifunga upya. Kisha akaenda nyuma ya gari, akachuchumaa, akakaa pale muda mrefu hata nikadhani ameangusha kitu.

Akatuomba tushushe vioo vyote, tukaviegemeza ukutani juu ya magunia. Namba zikarudi karibu na mahali pake. Tukapakia, zikakimbia. Pikapu nzima ilikuwa imelala kushoto, springi ya nyuma upande ule imechoka, na ekseli imesogea kutoka mahali pake, kwa hiyo ikipakiwa inatembea ubavu ubavu kama kaa. Mafundi wote walikuwa wameinyoosha ikiwa tupu na kuijaribu ikiwa tupu. Mzee peke yake ndiye aliyekuwa anaiendesha na mzigo.

Fundi akauliza, "Mzee, hii fremu ya kuegemezea vioo mbona mmeifunga upande mmoja tu?"

"Ndipo mahali pake," mzee akajibu.

"Nani alisema?"

Nilimtazama mzee, naye akanitazama mimi. Unakumbuka karakana ya zamani, ile tuliyokuwa tunapanga? Kulia ulikuwa ukuta, mlango uko kushoto, basi mzee akaifunga fremu kushoto ili kioo kishuke moja kwa moja ndani. Ile pikapu kuukuu ilikuwa chuma kitupu, ungeweza kuibebesha nyumba isilalamike. Tulipohama, fremu ikabaki kushoto. Ilipokuja hii mpya, mchomeleaji akaihamisha fremu vile vile ilivyokuwa. Na kwa taarifa yako, mlango wa karakana ya sasa uko kulia. Miaka yote hii tunashusha vioo kushoto, tunaizunguka pikapu navyo mikononi, tukiambiana taratibu.

Mzee alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika boneti. Mimi nilicheka naye, lakini subiri nikueleze kilichonimaliza.

Fundi alitaka kuiendesha na mzigo aisikie mwenyewe. Alizunguka mtaa mmoja tu, akarudi jasho linamtoka, amebana usukani utadhani ameshika ndama asiyetaka kufungwa. Akashuka, akaniachia mimi nijaribu. Sikufika hata kwenye mzunguko wa barabara. Mabega yaliwaka moto, vidole vilikufa ganzi, na kila nikilegeza kidogo pikapu inataka kuniingiza mtaroni. Nilipokabidhi usukani mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Ilitetemeka vile vile, kaka, kama ulivyoiona ya mzee kwenye kikombe.

Hapo ndipo nilipobaki mdomo wazi, na mpaka leo naandika haya sijaufunga vizuri. Yule mzee amekuwa akiishikilia gari ile kwa nguvu za mabega yake, msimu hadi msimu, mvua na jua, na mama amekaa pembeni anasimulia habari za cherehani. Hakuwahi kulalamika. Alikuwa akipiga mluzi. Na hakuna kioo hata kimoja kilichovunjika. Aliamini amezeeka, kumbe alikuwa anafanya kazi ambayo mimi kijana imenishinda kabla ya mzunguko. Niliiangalia mikono ile ikifunga kamba za vioo nikaona haya hata kuisaidia. Namjua tangu nizaliwe, na siku ile nilimtazama kama mgeni mkubwa aliyetutembelea.

Springi zimebadilishwa, ekseli imerudishwa mahali pake na kukazwa. Fremu sasa imesimama katikati, vioo vinaegemea huku na huku kama watu wawili waliopeana migongo. Vya zahanati tumekwisha kuvipeleka. Nilikaa pembeni yake. Kwenye barabara iliyonyooka, mzigo umejaa, mzee alilegeza vidole kimoja kimoja, kisha akainua mikono kidogo juu ya usukani. Pikapu ikaenda yenyewe, wala haikuyumba. Niliona macho yake yamejaa machozi, nikageukia dirisha nimpe nafasi.

Kisha akasema, "Kumbe bado ni yangu." Sikumuuliza kama anasema gari au mikono.

Kwa hiyo funguo ziko kwenye msumari wake pale mlangoni, na mimi siziondoi. Ukizitaka, njoo uzichukue mwenyewe, na ujiandae, maana atakubebesha kioo kabla hujavua viatu. Siku akizeeka kweli atasema mwenyewe, na safari hii tutampima akiwa na mzigo.

Mama anakusalimu na anauliza kama lile sweta lilikutosha. Kinyozi anakusalimu, anasema nywele zako anazingoja. Msalimie wifi, uwabusu wanangu wote pale penye pengo.

Mzee naye nilimuuliza nikuandikie nini. Aliuweka mkono wake juu ya karatasi, akaniambia niuzungushie kalamu. Uko upande wa pili. Nilikwenda polepole makusudi, kidole baada ya kidole, kwa sababu najua jicho lako litatafuta nini. Ufuate huo mstari wote, kaka. Hakuna mahali umetikisika.

Mungu awalinde huko mliko na atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko unavyostahili,

Chiriku