Mama, Kawaambie Butoyi Ana Akili

Kumsenga, Kibondo

Mama yangu mzazi,

Mwakeye mama. Nakuamkia nikiwa nimepiga magoti hukuhuku niliko, ingawa hunioni. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Heru Juu? Ile dawa ya majani unakunywa, au umeiacha kwa sababu ni chungu? Kaka Filemoni hajambo? Wifi yangu Veronika, mimba haimsumbui? Baba mdogo Yakobo, mguu umepata nafuu? Na jirani yetu Nyandwi, aliyekimbilia kwetu na wanawe kutoka Burundi, maharage yake yameota kwenye kile kipande tulichompa?

Na wewe Butoyi mwanangu, najua ni wewe unayemsomea bibi barua hii. Shikamoo yako nimeipokea. Kaa karibu naye, soma polepole, usiruke neno hata ukifika mahali panapokuhusu. Ukiona aibu, meza mate uendelee.

Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu, ila si wazima sana. Baba Butoyi aliangukiwa na jiwe kule wanakopasua mlima kupitisha barabara. Mfupa haukuvunjika, lakini mguu umevimba na hawezi kusimama. Msimamizi amemruhusu alale kambini mpaka apone. Mimi naendelea kuwapikia vibarua, asubuhi uji, mchana ugali wa muhogo na maharage. Kuni zimelowa, moshi unaniumiza macho, ndiyo maana mistari yangu inapanda na kushuka. Jioni nakwenda kisomo cha watu wazima. Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe mama, sikumwomba mtu.

Sasa sikia jambo linaloninyima usingizi.

Anayetufundisha kisomo ni Mwalimu Zubeda, mwenyeji wa Tanga, mama wa watu, maneno mengi na moyo safi. Juzi aliitwa Kasulu kwenye mkutano wa walimu. Huko wakaambiwa kuna wafadhili wametoa fedha za kuwasaidia watoto wenye akili kupita darasa lao. Kila likizo watoto hao watakaa Kasulu mjini, wafundishwe hesabu ngumu, na sayansi ya kushika vyombo kwa mikono yao, na wapewe vitabu vya kusoma. Chakula na mahali pa kulala vyote vinatoka kwenye fedha hizo. Mzazi hatoi kitu.

Aliporudi akanikuta nasonga ugali.

"Mama Butoyi, si kwenu Heru Juu? Mtoto wako si anakaa na bibi yake?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi huyo bibi amemponza mtoto."

Akanieleza yote aliyoyasikia huko mkutanoni. Mwalimu mkuu wa hapo shuleni kwenu alimtaja Butoyi kabla ya wote. Kisha bwana wa elimu akaja nyumbani, maana wafadhili wanataka wasikie kwa mlezi pia mtoto yukoje, na kama atamruhusu. Huyo bwana ni mtu wa mbali, desturi zetu hazijui. Alikukuta unamenya muhogo, akauliza kama mjukuu wako ana akili. Nawe ukamjibu, "Nani, huyu? Huyu kichwa chake boga. Hata kuku wangu wanamzidi." Akaandika kama ulivyosema, akapanda pikipiki yake akaenda zake.

Mwalimu Zubeda alipofikisha maneno hapo akapiga makofi. "Jamani Waha nyinyi! Kwetu Tanga mtoto akisoma tu kibao cha duka, mama yake anajigamba mpaka mtaa mzima haulali. Nyinyi mna dhahabu mnaifunika kwa samadi!" Nikacheka, mama. Halafu kicheko kikaniishia, nikalia mbele yake, na ugali ukaungua.

Nililia kwa sababu najua kwa nini ulisema vile. Bukuru na Butoyi niliwazaa siku moja, na Bukuru ndiye alikuwa mwepesi wa maneno. Wanawake kisimani wakamsifu, "Huyu anaongea kama mtu mzima." Kabla mvua hazijaisha tukamzika. Tangu hapo hujamsifu Butoyi hata mara moja. Akileta maji, ni mvivu. Akiwa wa kwanza darasani, wenzake walikuwa wanaumwa. Umemkinga na macho ya watu kwa maneno mabaya, na mtoto amekua. Ahsante mama. Sisemi ulikosea.

Lakini Bukuru alichukuliwa na surua. Mwaka ule surua iliingia nyumba nyingi, ikabeba watoto waliosifiwa na watoto ambao hakuna aliyewahi kuwasifu. Jambo hili nimelifikiri nikikoroga uji, nikimkanda baba yake mguu. Hata sasa naogopa kuyasema, lakini naandika. Butoyi ana akili nyingi. Mungu amempa. Rudia hapo Butoyi, bibi asikie. Butoyi ana akili nyingi.

Baba yake naye alinipinga. Akasema, "Tumeambiwa sote ni ndugu. Mmoja apelekwe mjini, wengine wabaki na jembe, huo ndio ujamaa?" Nikamwambia, "Mbegu ya mwakani tunachagua mahindi yaliyojaa, na wanaokula ni kijiji kizima." Akaomba maji ya kunywa.

Mama, ile nafasi bado haijapewa mwingine. Mwalimu mkuu amewaomba wasubiri mpaka shule zitakapofungwa. Ila wanamtaka mlezi yuleyule aje aseme kwa mdomo wake. Mimi siwezi kumwacha mgonjwa. Kaka Filemoni akupakie kwenye baiskeli hadi ofisi ya elimu Kasulu. Penye mteremko mshuke mtembee. Ukifika usiseme "anajaribu." Usiseme "wenzake wanamzidi." Pale ofisini hakuna anayejua kwamba sisi tukimpenda mtu tunamtukana. Sema tu, "Mjukuu wangu ana akili, nami nimekubali aende." Mkiwa njiani kurudi, ukitaka mwite boga mpaka Heru Juu, nani atakukataza?

Najua moyo wako utagoma. Hata wangu unagoma. Basi ukifungua mdomo pale, jiambie ni Anastazia aliyekutuma. Likija baya lolote, liwe juu yangu mimi, si juu yako.

Butoyi, bibi akilia hapo usimcheke, wala usikimbilie nje. Mshike mkono.

Nisalimieni kaka yangu, na wifi, na baba mdogo, na jirani yetu, na mwalimu mkuu, mumshukuru kwa kutomkatia tamaa mtoto. Baba Butoyi anawasalimu, anasema mguu wake usiwatie hofu.

Dereva wa lori la chumvi atakayewaletea barua hii atalala Kasulu siku ya gulio, kisha atapanda tena huku. Mpeni jibu, hata la mdomo, bibi amesema au hajasema. Tafadhali msikae nalo. Kila nikisikia lori mlimani natoka jikoni na mwiko mkononi.

Mimi binti yako,
Anastazia, mama Butoyi